Mauser 98k yenye darubini inatawanya risasi? Fuata dalili moja moja kabla hujaulaumu mtutu

Wakuu, malalamiko haya yanajirudia sana, hasa kwa wenzetu walioko Ulaya na Marekani waliojiunga na klabu za shabaha na wakafanikiwa kupata Mauser 98k ya mdunguaji wa Kijerumani, iwe ya vita kuu ya pili yenyewe au iliyojengwa upya kwa kufuata ile ya zamani. Mtu anaenda nayo renji kwa hamu zote, anapiga, matundu yametapakaa karatasi nzima, anarudi nyumbani anasema mtutu umekufa nimeuziwa bomba la maji. Mara nyingi mtutu hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye risasi, au kwenye skrubu, au kwenye namna alivyopima, na mtutu ndo kitu cha mwisho kabisa kulaumu.

Kabla ya yote, leseni yako iwe sawa, upige kwenye renji yenye msimamizi, miwani na vizuia sauti masikioni, na kila nitakaposema "angalia" au "gusa" maana yake bolti imetolewa kabisa na chemba umeiona kwa macho kwamba iko tupu. Hilo sitalirudia.

Kwanza jua kipimo chenyewe kilikuwa kipi

Huwezi kusema bunduki ina tatizo kama hujui ilitakiwa ifanye nini. Kiwandani Ujerumani kila 98k ilipita mambo mawili. La kwanza ni kupigwa risasi ya presha kubwa kuliko kawaida kuona kama chuma kitastahimili, ikipita inagongwa muhuri wa tai. La pili ni shabaha ya mita 100, mpigaji wa kiwanda anaegemeza bunduki, anapiga, wanaangalia matundu yamekaa wapi na yamekusanyika vipi, wanarekebisha saiti ya mbele mpaka ikubali. Zile zilizotoa kundi dogo (matundu yaliyokaribiana) kuliko wenzake ndo zilikuwa zinatengwa kwa ajili ya kufungiwa darubini, alafu zikishafungiwa zinapigwa tena na hiyo darubini yake.

Sasa hapa ndo penye jambo lenyewe. Walikuwa wanapima seti. Bunduki hii, na darubini hii, na kibanio hiki, na risasi ya aina moja. Kulikuwa na risasi zilizochaguliwa maalum kwa kazi hiyo, boksi limeandikwa Anschuß, zinatoka kwenye toleo lililoonekana kupiga sawasawa, na wadunguaji nao walizitafuta sana. Ndo maana kwenye nyingi utakuta namba ya bunduki imegongwa mpaka kwenye kibanio cha darubini. Ukibadilisha kimoja tu kati ya hivyo vinne umeshaondoka kwenye kipimo cha kiwanda, na wengi wetu tumepata bunduki ambazo vitatu kati ya vinne vimebadilishwa, alafu tunashangaa.

Kwa hiyo fanya kipimo chako kiwe cha haki. Mita 100, bunduki imeegemezwa mbele na nyuma kwenye mifuko ya mchanga, risasi za boksi moja la toleo moja, makundi matatu ya risasi tano tano, kila kundi kwenye karatasi yake, unapumzisha mtutu katikati. Pima kutoka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya lile la mbali zaidi. Kundi la risasi tatu linadanganya sana, mtu anapata sentimita 2 kwa bahati anaanza kutangaza, kesho anapata 8 anaanza kufungua skrubu. Hata risasi tano zinachezacheza, bunduki ile ile bila kuguswa inaweza kukupa 4 alafu ikakupa 7, ndo maana tunapiga makundi matatu.

Na uwe mkweli kuhusu matarajio. Dakika moja ya pembe, kipimo cha usahihi ambacho wapigaji wanapenda kutaja, kwa mita 100 ni karibu sentimita 2.9. Silaha hizi hazikuahidi dakika moja. Mi naona 98k yenye darubini ya mara 4, risasi nzuri, kundi la sentimita 5 mpaka 7, hiyo ni bunduki yenye afya, acha kuisumbua. Ikifika 10 na kuendelea kwa makundi yote matatu hapo sasa twende kwenye dalili.

Dalili ya 1: Inatawanya, hakuna mpangilio wowote

Hii ndo inayoletwa zaidi kuliko zote kwa hiyo nitakaa hapa.

Sababu ya kwanza ni risasi, na wala haikaribiwi na nyingine. Mauser hii ya 7.92x57 ilipimiwa risasi nzito iitwayo sS, kichwa chake gramu 12.8, kitako kimechongwa kama mkia wa mashua, spidi kwenye mtutu wa 98k wa sentimita 60 ni kama mita 760 kwa sekunde. Sasa mtu anatia risasi za ziada za jeshi la Uturuki za miaka ya 1930 na 40, kichwa chepesi cha gramu kama 10, baruti imezeeka, moja inaenda kasi nyingine inachelewa, kundi litakusanyikaje hapo? Au anatia za Romania za miaka ya 1970 zenye chuma ndani, alafu renji nyingi hazizitaki kabisa kwa sababu zinaharibu ukuta na zinaruka. Za Yugoslavia za M49 zina kichwa kizito kinachokaribiana na sS, zinafaa zaidi kwa kupimia. Na hata Wajerumani wenyewe vita ilivyowabana walianza kuokoa risasi ya lead wakatoa SmE, kichwa chenye chuma laini ndani, nyepesi zaidi kidogo, nazo hazikuwa na ulinganifu wa sS. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "nimepiga risasi halisi za vita" muulize risasi halisi ipi.

Dawa yake ni rahisi: nunua boksi jipya la kiwanda lenye kichwa cha gramu 12 mpaka 13, rudia makundi matatu. Wengi safari yao inaishia hapo hapo. Jihadhari tu na boksi za Kimarekani za jina la 8mm Mauser, wao wanazipakia kwa presha ya chini sana, kiwango chao ni 35,000 psi ambayo ni kama bar 2,400, wakati kiwango cha Ulaya kinafika bar 3,900. Hazina hatari, ila zinaenda taratibu, kichwa chepesi, na saiti zako zilichongwa kwa kitu tofauti.

ONYO hapa, na naomba usomwe vizuri. Risasi za zamani zenye ncha ya rangi au alama usizozielewa usipige. Wajerumani walikuwa na B-Patrone, risasi ya kuangalia pa kugonga, ndani ina fosforasi na kilipuzi kidogo. Hiyo siyo ya kuchezea wala kuivuta kichwa kwa koleo uone ndani. Iache hapo ilipo, ita polisi au mtu mwenye kazi hiyo.

Sababu ya pili ni skrubu za mtambo, yaani kile chuma kinachobeba bolti. Chini ya bunduki kuna skrubu kubwa mbili, moja mbele ya magazini na nyingine nyuma ya kifyatulio, ndo zinazobana chuma kwenye mti. Kwenye zile zilizotengenezwa kabla vita haijachacha, pembeni ya kila skrubu kubwa kuna kaskrubu kadogo ka kuizuia isizunguke, na mara nyingi kameshapotea. Kaza ya mbele kwanza, alafu ya nyuma, kwa bisibisi inayojaa mfereji vizuri isije ikateleza ikakwaruza. Ukiona skrubu inafika mwisho lakini mtambo bado unatikisika kwenye mti, ujue mti umesinyaa au umebonyea, skrubu inabana chuma kwa chuma na mti uko huru katikati. Kukaza zaidi hapo ni kukata nyuzi bure. Huo ni mti wa kuupeleka kwa fundi.

Ya tatu ni namna chuma kinavyokaa kwenye mti. Toa mtambo, angalia ile nundu iliyo chini ya mtambo upande wa mbele inayopokea teke, na ule msumari mnene wa chuma unaokatiza mti unaoegemewa na nundu. Alama ya mgusano ing'ae upana wote. Iking'aa upande mmoja tu, kila risasi inausukuma mtambo upande. Angalia pia mti nyuma kabisa ya mkia wa mtambo, ukiona ufa mwembamba unaanzia pale, teke limekuwa linapokelewa mahali pasipohusika. Mti ulioloa oili ya miaka 80 unakuwa mweusi na laini, unabonyea kwa kucha, nao haushiki kitu. Kuna kipimo kizuri cha kidole: toa bendi zote za mbele, weka kidole gumba kwenye mwanya wa ncha ya mti na mtutu, mwenzako alegeze skrubu ya mbele taratibu huku we unasikilizia. Mtutu ukiinuka au kushuka chini ya kidole, mtambo ulikuwa umepindwa na skrubu. Rudisha bendi bila kuzilazimisha, bendi ya mbele isiunyonge mtutu.

Ya nne ni mdomo wa mtutu. Jeshi lile lilisafisha kwa mnyororo, kifaa cha RG34 cha mwaka 1934, mnyororo unashushwa kwenye chemba unavutwa kutokea mbele, na askari aliyechoka akivuta kwa pembe unasugua ukingo upande mmoja. Wengine baada ya vita wakatumia fimbo ya chuma kuingilia mdomoni. Chukua pamba ya sikio, ipitishe taratibu kwenye ukingo wa ndani kuzunguka mdomo wote, pamba ikinasa mahali kuna kijino. Alafu angalia kwa kioo cha kukuzia kama ukingo ni duara sawasawa au umelika upande mmoja ukawa kama yai. Kuna watu wanachomeka risasi nzima mdomoni kuona inazama kiasi gani, tafadhali usifanye hivyo na risasi yenye baruti, tumia kichwa kitupu.

Kulika kukiwepo, kukata mdomo upya ni kazi ya fundi wa mashine, na kwa bunduki ya kihistoria iliyo kamili mi ningekataa hata fundi akikubali. Ukishakata umepunguza urefu, umefuta ushahidi, hairudi.

Ya tano, uchafu wa shaba. Watu wanasafisha moshi mweusi wanaona mtutu unang'aa wanaridhika, kumbe kwenye mifereji kuna tabaka la shaba la miaka. Tia dawa ya kuyeyushia shaba, kitambaa kitoke na rangi ya bluu, rudia mpaka kiache kutoka bluu. Inaweza kuchukua siku kadhaa, usiwe na haraka wala usitie msasa wa aina yoyote.

Mwisho kabisa ndo mtutu wenyewe kulika, au kuliwa na kutu. Risasi nyingi za zamani fataki zake (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) zinaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu, kesho yake kutu. Oili haiondoi chumvi, maji ya moto ndo yanaiondoa, kisha ukaushe alafu ndo oili. Mtutu wenye vijishimo vidogo bado unaweza kupiga vizuri kushangaza watu, kwa hiyo usiuhukumu kwa macho, uhukumu kwa karatasi.

Dalili ya 2: Matundu ni marefu, risasi nyingine zinaingia kiubavu

Hii hamna mjadala, SIMAMA. Tundu la kiubavu maana yake kichwa hakishikwi na mifereji, aidha mtutu umelika kweli au kichwa kina kipenyo kisichofaa.

Kabla ya mabadiliko ya 1905 Wajerumani walikuwa na mtutu mwembamba zaidi, ule wa Gewehr 88 (bunduki ya jeshi ya 1888) na bunduki nyingi za kuwindia, kichwa chake kama milimita 8.08. Zilizofuata ni milimita 8.20, ndo herufi S inapoongezwa kwenye jina, JS au IS. Kichwa chembamba kwenye mtutu mpana kitatawanya tu. Kinyume chake, kichwa kipana kwenye mtutu mwembamba, presha inapanda na mtu anaweza kuumia vibaya. Kama hujui bunduki yako ni ya upande gani, fundi wa silaha aupime mtutu kabla ya risasi nyingine hata moja.

Dalili ya 3: Kundi ni zuri, ila liko juu au chini mno

Hili siyo tatizo la usahihi, ni ziro, yaani saiti au darubini haijawekwa ilenge pale risasi inapogonga. Ukipiga kwa saiti za chuma angalia kwanza we una bunduki gani. Gewehr 98 ya vita ya kwanza, baada ya kubadilishiwa kwa risasi mpya, saiti yake ya nyuma ikiwa chini kabisa ni mita 400. Siyo 100. Kwa hiyo ukipiga mita 100 itapanda sentimita 20 na zaidi, na hiyo bunduki iko sawa kabisa, inafanya ilichoagizwa. 98k yenyewe inaanzia 100 na kufika 2,000. Kingine, Mjerumani alifundishwa kukalisha ncha ya saiti ya mbele chini ya shabaha, siyo kuifunika katikati. Ukilenga katikati unaongeza kimo.

Kwa darubini, angalia gurudumu la juu lililoandikwa namba. Namba 1 ni mita 100, 2 ni 200, na kuendelea, nyingi zinafika 8. Watu wanaisahau kwenye 3 wanaanza kulia. Na kumbuka gurudumu lilichongwa kwa sS, ukitumia risasi nyepesi ya kasi namba za mbele hazitaendana, utakuwa na ziro nzuri mita 100 ila kwenye 300 ndo uongo unaonekana. Tengeneza jedwali lako mwenyewe.

Dalili ya 4: Inapiga pembeni na marekebisho yameisha

Kwanza ondoa dhana moja. Darubini nyingi za jeshi la Kijerumani za kipindi kile, Zeiss, Hensoldt, Ajack, Kahles, ndani yake hazina marekebisho ya kushoto na kulia kabisa. Juu na chini tu. Kushoto na kulia kunafanyika kwenye kibanio cha nyuma, kuna skrubu mbili zinazotazamana, unalegeza moja unakaza nyingine, na nyuma ya darubini inaenda kule unakotaka risasi iende. Ukitaka risasi ziende kulia, nyuma ya darubini isogee kulia. Robo mzunguko, piga kundi, angalia. Usilegeze zote mbili kwa pamoja.

Pili, kwenye hizo hizo darubini mwiba wa kulengea unahama unaporekebisha. Utauona umekaa juu kidogo au pembeni mwa duara badala ya katikati. Hiyo siyo hitilafu, zilitengenezwa hivyo, darubini za kisasa ndo zinazouweka katikati siku zote. Ila ukiwa pembeni kabisa karibu na ukingo, maana yake kibanio hakiendani na bunduki, na hapa ndo unarudi kwenye suala la seti. Angalia namba. Bunduki nyingi zilizotekwa na Wasovieti zilifunguliwa zote zikamwagwa kwenye lundo zikafungwa upya, bolti ya huyu, magazini ya yule, utaona alama ya X juu ya mtambo na namba zimeandikwa upya kwa kalamu ya umeme. Na kuna nyingi sana ambazo zilifungiwa darubini baada ya vita ili ziuzwe ghali, matundu ya skrubu yametobolewa yakaenda upande. Hiyo huwezi kuirekebisha kwa bisibisi.

Ukitaka kujua kosa ni la darubini au la bunduki, toa darubini piga kundi kwa saiti za chuma. Kundi likikusanyika, bunduki haina hatia. Hicho ni kipimo cha bure na sielewi kwa nini watu wanakiruka.

Dalili ya 5: Ziro inahama, asubuhi hapa jioni pale

Vibanio viko vya aina kadhaa na kila kimoja kina ugonjwa wake.

Ile reli fupi ya ubavuni inashikwa kwenye ukuta wa kushoto wa mtambo kwa skrubu, na teke la Mauser linazilegeza, Wajerumani wenyewe waliliona wakaongeza pini na baadaye skrubu ndogo za kufungia. Kwa hiyo ukikuta reli fupi isiyo na pini, anza hapo. Reli ndefu ya mwaka 1944 ilikuja kuponya tatizo hilo hilo, ukuta wa mtambo ukafanywa mpana zaidi ili ishike vizuri. Zile za mguu wa kuzungusha, mguu wa mbele unaingia kwenye shimo unageuzwa robo, nyuma inashikwa na kishikizo cha springi. Angalia ule mguu wa mbele, ukiona umeng'aa upande mmoja na ukitikisa darubini kwa mkono unasikia kamchezo, mguu umelika na hakuna gundi itakayokusaidia.

Checki ya haraka: chora mstari mwembamba wa penseli unaopita kwenye pete na kwenye bomba la darubini, piga tano, angalia mstari. Ukikatika, darubini inateleza ndani ya pete. Usikaze pete mpaka bomba libonyee, bomba la miaka 80 ni jembamba. Nyingi zilishikwa kwa kulehemewa, na kulehemu upya ni kazi ya mtu anayejua joto linafika wapi kwenye vioo.

Nyingine inayosahaulika ni uso wako. Kibanio kirefu kinainua darubini juu, shavu halina pa kukaa, kila risasi jicho liko mahali tofauti na darubini hizi hazina marekebisho ya hilo. Walichofanya wao baadhi waliongeza kipande cha mti pa kuegemeza shavu. We funga mkeka wa ngozi wenye kamba, usipigilie msumari kwenye mti wa asili.

Darubini ya ZF41 nayo niitaje kwa kifupi. Hii ni kadogo ka kukuza mara 1.5 tu, inakaa mbele kwenye saiti ya nyuma, mbali na jicho. Haikuwa ya mdunguaji hasa, ilikusudiwa askari wa kawaida mwenye shabaha nzuri. Kundi la sentimita 8 na ZF41 siyo hitilafu, ni macho yako yanafika hapo. Kundi likizidi hapo angalia kishikizo cha kubania, kikilika inacheza.

Dalili ya 6: Risasi ya kwanza mbali, au kundi linapanda mtutu ukipata moto

Risasi ya kwanza kwenda peke yake, nyingi ni oili iliyobaki ndani. Pitisha kitambaa kikavu kabla ya kuanza, ukipenda usiihesabu hiyo risasi, ila andika ilipogonga. Kundi linalotambaa juu au upande mmoja kadiri unavyopiga, mtutu unavimba kwa joto unagusa mti au bendi mahali. Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mti, pale kinapokwama weka alama. Usikwangue mti wa asili bila ushauri, pumzisha mtutu dakika kadhaa kati ya makundi, tatizo limekwisha kwa matumizi ya kawaida.

Dalili ya 7: Ukungu kwenye kioo

Ukungu unaokuja na kuondoka ni unyevu, hifadhi sehemu kavu yenye hewa. Ukungu wenye nyuzi nyuzi kama utando ni kuvu. Ukiona rangi za upinde wa mvua au mapovu pembeni, gundi iliyounganisha vioo imeachia. Kwa zote mbili za mwisho USIFUNGUE. Pete za ndani zinahitaji vifaa vyake, na vioo vikitoka mahali pake ziro nayo imeondoka. Peleka kwa fundi wa darubini za zamani.

Dalili ya 8: Inachelewa kulipuka, ganda linakwama, au fataki inaonekana ya ajabu

Umevuta kifyatulio, kimya. Elekeza mtutu kwenye shabaha, hesabu sekunde 30 usiguse bolti, inaweza kuwa imechelewa. Sababu kubwa ni risasi zilizozeeka au kupata unyevu. Hili sisi watu wa pwani linatugusa kihistoria, maana meli ya Kijerumani Rubens ilipozamia ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga Aprili 1915, risasi nyingi za Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Kijerumani Afrika Mashariki kwenye vita ya kwanza, ziliopolewa majini, ikabidi zifunguliwe moja moja zikaushwe na zijaribiwe, na bado hawakuweza kuziamini zote. Risasi iliyoloa ni risasi usiyoijua. Baada ya risasi ni grisi ya zamani iliyoganda ndani ya bolti, ifungue uisafishe, alafu springi iliyochoka.

Lakini ukiona lolote kati ya haya, siku hiyo imekwisha: fataki imetoboka au imetoka nje ya kitako, ganda lina pete inayong'aa juu kidogo ya kitako au limekatika hapo, moshi umekupiga usoni, bolti inagoma kufunguka. Hizo ni dalili za presha au za nafasi iliyozidi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi, na kwenye bunduki zenye bolti isiyo ya kwake hilo ni jambo la kutarajia. Fundi ana geji zake, ni kazi ya dakika chache. Kwa kweli bunduki yoyote yenye namba za bolti zisizolingana ilitakiwa ipimwe hivyo kabla haijapigwa risasi ya kwanza. Mtambo wa 98 una matundu ya kutolea gesi na jino la tatu la usalama, lakini hivyo viliwekwa kwa ajali ya siku moja, visikufanye ujaribu tena.

Kama yako ni G43

Hii ni bunduki nyingine ya Kijerumani, inajipakia yenyewe kwa gesi na ina darubini ya ZF4, yenye marekebisho ya pande zote mbili, kwa hiyo yale ya dalili ya 4 hayaihusu. Ugonjwa wake mkubwa ni gesi kuzidi, bolti inarudi kwa nguvu mpaka vipande vinavunjika, na ukiona maganda yanaruka mbali sana au yana makovu makubwa usiendelee kupiga. Kuna vifaa vya kupunguza gesi vinavyofungwa bila kuharibu cha asili, na springi mpya. Usahihi wake kwa kawaida ni chini ya 98k, hilo ulikubali tu.

Ukifikia kwenda kwa fundi, mpelekee karatasi zote za shabaha zenye tarehe na aina ya risasi, maganda matano ya mwisho uliyopiga, na picha za namba zote ulizozikuta kwenye mtambo, bolti, kibanio na darubini. Na mwambie waziwazi kabla hajashika bisibisi kwamba hatakiwi kutoboa, kukata wala kupaka rangi kitu chochote bila kukupigia simu.